Mbao Mbili za Mkunga

Mdogo wangu hana adabu, na hilo ndilo nililokuwa nikilipenda kwake. Nimemzidi miaka mingi. Nimembeba mgongoni mama akiwa kazini, nimempangusa kamasi kwa pindo la gauni langu, nimempigania na watoto wa jirani mpaka nikang'oka jino. Mtu wa namna hiyo akikuona asubuhi anasema shikamoo dada, basi, yameisha. Huyu wangu wapi! Yeye alikuwa akiniona tu anapaza sauti tokea mlangoni mwa banda lake: "Shikamoo Msasa! Leo unamkwaruza nani?" Mafundi wanacheka, mimi namrushia tusi la kifamilia, kazi zinaanza.

Jina la Msasa alinipa yeye, kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yangu ni kupiga msasa na kupaka vanishi samani anazounda mume wangu. Pili, ulimi wangu. Sikatai.

Yeye mwenyewe tunamwita Cheche. Ana msumeno wa mkanda, ule wenye utepe wa chuma unaozungushwa na magurudumu mawili, na uwanja mzima wa mafundi ulikuwa unapeleka mbao kwake zikapasuliwe. Banda lake linatazamana na karakana yetu. Pembeni yetu yupo fundi makochi, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa umoja wetu wa mafundi. Cheche husema alichaguliwa kuwa mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine mwenye viti vya kutosha watu wote.

Sasa, huyo mkunga. Alikuja na toroli la kukodi, na ndani ya toroli kitu kimeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Nilidhani ni mgonjwa. Akafunua, kumbe ni pande la mti, jekundu la kuelekea weusi, limenyooka, halina hata fundo moja. Mume wangu na Cheche walilishusha kwa kuugulia kama wanawake wa wodini kwake.

"Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu," mkunga akasema. "Alirudi nalo safari moja, kalipata huko mbali, hata jina la mti wenyewe hakulijua. Akaliweka chini ya kitanda. Akasema siku moja tutalitengenezea kabati. Nimefagia kulizunguka miaka yote hiyo, na hiyo siku moja haikufika. Nataka kabati, fundi. Milango itoke humu."

Cheche akabandua kibanzi akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikazama moja kwa moja mpaka chini. Tukatazamana. Mti mzito namna hiyo hatukuwa tumewahi kuushika, na harufu yake ilikuwa ya pilipili manga.

Mume wangu akaligonga kwa kidole. "Hili tunalifungua kitabu," akasema. Mkunga hakuelewa, kwa hiyo akamwonyesha kwa viganja. Akavibana pamoja, kisha akavifungua. "Tunalipasua katikati, halafu tunalifungua hivi, kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Mistari ya huku ndiyo mistari ya kule, kama mtu na kioo chake. Mlango mmoja ukurasa huu, mlango wa pili ukurasa ule. Pacha."

"Pacha nimewapokea wengi," mkunga akacheka. "Hawafanani kama watu wanavyodhani."

Cheche akapiga magoti, akalikumbatia pande lile, akaliwekea shavu. "Shemeji," akamwambia mume wangu, "kesho ukikuta banda langu limefungwa usinitafute. Tumetoroka, mimi na huyu mrembo." Tukavunjika mbavu, mkunga naye akacheka mpaka akafuta machozi. Utani tu. Mtu hafungwi kwa utani, ndivyo nilivyokuwa nikidhani.

Kesho yake kweli alifunga mlango. Vumbi la mti ule lilikuwa kali, na alipopasua kidogo tu fundi makochi alipiga chafya mpaka akajichoma sindano, ndipo akapiga kelele kwamba huyo mtu ajifungie na balaa lake. Cheche akajifungia. Siku nzima tulisikia msumeno ukilia, ukanyamaza, ukalia tena, maana mti mgumu hivyo ukiulazimisha mkanda unapata moto, unaanza kula upande, na pande lenyewe ni moja tu duniani. Alipofungua jioni alikuwa mwekundu kuanzia nyusi, machozi yanamtoka. "Mti huu una roho mbaya," akaniambia. "Nadhani mna undugu, wewe na huu." Nikamtupia kitambaa usoni.

Mume wangu alizichukua zile mbao mbili, akaziacha zitulie, kisha akazipiga randa mmoja mmoja, umebanwa kwenye jiliwa. Hakuziweka pamoja. Alitaka mkunga awepo kitabu kikifunguliwa, ili aone raha. Mume wangu ni mtu wa kupenda kuonyesha.

Mkunga akaja. Mafundi nao wakajisogeza, maana habari ya mti unaozama ilishaenea. Mume wangu akazilaza mbao mezani, karibu na dirisha, akazifungua. Sisi sote tulikuwa tumesimama upande mmoja wa meza, kwa sababu upande wa pili ulijaa makorokoro yetu.

Ubao mmoja ulikuwa mweusi kama kahawa. Wa pili ulikuwa mwekundu mpauko, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi.

Mume wangu akazigeuza, akazirudisha. Akafuta kwa mkono. Akanyanyua huu, akanyanyua ule. Mistari yote ilikuwa imenyooka, na mistari iliyonyooka hata mti mwingine unayo. Nikaiona shingo yake inaanza kuvimba. Hasira za mume wangu nazijua, zinawaka hapo hapo na kuzima hapo hapo, lakini zikiwaka kaa mbali.

"Cheche!" akaita.

Cheche akaja anapangusa mikono, anatabasamu. "Vipi shemeji, mrembo ananiulizia?"

"Nusu ya pili iko wapi?"

"Ipi tena? Si hizo hapo, zote mbili."

"Huu si ule mti. Umebadilisha. Umetafuta mti mzito mwingine ukatuwekea, ule wa mama wa watu umeuficha."

Cheche akacheka. Ndiyo, alicheka, alidhani ni mchezo. "Shemeji, acha hizo."

"Siku ile ulisema mwenyewe utatoroka nalo! Mbele yetu! Na mlango ulifunga wa nini?"

"Vumbi! Muulize mwenyekiti, si yeye aliyenifukuza?" Akageuka kumtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia viatu vyake. Cheche akaziangalia zile mbao, na mimi nikaona amepigwa na butwaa, maana na yeye aliona tulichokiona sote. Yeye ni mtu wa kupasua. Mbao zikishapasuliwa zinaondoka kwake zina manyoya ya msumeno, hajui zinakuwaje baadaye. "Mimi nimepasua pande moja," akasema. "Wallahi nimepasua pande moja, nikawapa vipande viwili."

"Mwizi mkubwa wewe," mume wangu akasema.

Cheche akanitazama mimi. Tangu apate akili alikuwa hajaniita hivi alivyoniita siku ile.

"Dada," akasema. "Mwambie."

Nilitakiwa kusema nini? Sasa hivi nina majibu hata kumi. Siku ile nilimwangalia mkunga, ameshika ile shuka kuukuu, anatafuna mdomo. Nikawaangalia mafundi wanavyotuangalia, mimi na Cheche, sura moja, pua moja. Haya ikanipanda kuanzia miguuni mpaka masikioni, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamsogelea mkunga, nikamshika mikono, nikainama.

"Mama, naomba umsamehe," nikasema. "Ni mdogo wangu. Utoto haujamtoka. Naomba umsamehe."

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilijiona nimemsitiri. Nilipoinua uso, Cheche alikuwa ameshageuka, anaenda bandani kwake. Akazima umeme wa msumeno, akafunga mlango kwa nje, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mafundi walianza kupeleka mbao zao kupasuliwa ng'ambo ya barabara. Wengine ambao hawajawahi kupoteza hata msumari wakaanza kukumbuka vipande vilivyopungua. Nikienda bombani, mazungumzo yanakatika. Na mimi, badala ya kumwonea huruma mdogo wangu, nilimkasirikia. Nilimlaani nikipiga msasa, nilimlaani nikiosha vyombo. Niliona kaniaibisha, kanivua nguo mbele ya watu. Sikwenda kwake hata mara moja. Mume wangu alishapoa, akawa ananuna tu, na siku moja akasema labda tumwulize vizuri. Mimi ndiye niliyemkatiza: "Umwulize nini? Macho huna?"

Mwenyekiti akatangaza mkutano. Ajenda moja: Cheche abaki uwanjani au ahamishe msumeno wake. "Hatuwezi kukaa na mtu ambaye kwa ajili yake itabidi kila fundi anunue kufuli," akasema, huku anapapasa kochi alilokuwa akimwonyesha mteja. Lilikuwa la mahameli ya kijani, kile kitambaa chenye manyoya. Alipapasa kwenda mbele likang'aa, akapapasa kurudi likafifia. Mchezo wake huo, huwafanyia wateja wote. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, na halikuniambia kitu.

Mkunga kwa upande wake alikuwa muungwana kupita kiasi. Alituma ujumbe kwamba hataki kesi na mtu, tutumie kilichopo, na kama inawezekana ule uliopauka, ambao sote tulishauita mweupe, upakwe rangi ufanane na mwenzake. Kazi ya rangi ni yangu. Kwa hiyo siku ya mkutano, watu wakiwa wanakusanyika kwa mwenyekiti, mimi nilikuwa karakana peke yangu na zile mbao mbili. Nilisema sitahudhuria. Nilisema siwezi kukaa pale nikaangaliwa.

Nilizikwangua kwa kipande cha kioo, maana mti ule randa ilikuwa inauchanachana. Nikazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sahani. Nikazipangusa kwa spiriti. Nikachanganya rangi nyeusi kidogo kwenye kopo. Ili nifanye kazi vizuri niliondoa makorokoro ya upande wa pili wa meza, nikazungukia huko na kopo langu na brashi, nikainama niupake ule mweupe.

Ulikuwa mweusi.

Nikasema, nimechanganyikiwa, kumbe mweupe ni huu mwingine. Nikausogelea na brashi. Lakini nilikuwa na hakika mweupe ulikuwa upande wa mlangoni, kwa sababu ndio niliokuwa nikiutukana muda wote. Nikaweka kopo chini. Nikachukua chaki, nikaandika alama kwenye ule wa mlangoni, nikazunguka meza kurudi nilikotoka. Wenye alama ulikuwa mweupe. Nikazunguka tena, polepole, jicho halibanduki. Katikati ya njia, mbao zote mbili zilikuwa rangi moja, pacha kabisa. Nikapiga hatua, wenye alama ukaanza kuiva, mwenzake ukapauka.

Nikakaa juu ya mavumbi ya msasa. Ile mahameli! Nyuzi za mti zimelala upande mmoja, kama manyoya ya kitambaa. Ukifungua kitabu umegeuza ubao mmoja, nyuzi zake sasa zinalala kukujia, za mwenzake zinalala kukukimbia, na mwanga wa dirisha unaugonga huu na kuuruka ule. Katika mbao zetu za kila siku huoni, hazing'ai hivyo, tena tunazipaka rangi. Mti ule ulikuwa mmoja. Ulikuwa mmoja siku zote, na sisi sote tulikuwa tumejipanga upande mmoja wa meza kama kondoo.

Mdogo wangu hakuiba kitu. Na mimi nilimwombea msamaha.

Sijui nilizipakiaje mbao zile kwenye toroli peke yangu. Niliingia nalo kwa mwenyekiti watu wakiwa wamekaa kwenye makochi mapya yenye nailoni, Cheche kwenye kigoda, mbali kidogo na wenzake, ameinama anatazama vidole. Mtu mmoja alikuwa anasimulia habari za msumeno wake wa mkono uliopotea.

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Msumeno wako ulimwazimisha shemeji yako. Simameni wote."

Nikazilaza mbao juu ya meza ya kukatia vitambaa, karibu na mlango, penye mwanga. "Semeni, upi mweupe?" Wakaonyesha. "Sasa zungukeni." Wakanitazama kama mtu aliyepandwa na homa. "Nimesema zungukeni!"

Wakazunguka. Mafundi wazima, wenye vitambi na vipara, wanaizunguka meza kama watoto wa chekechea, wanakwenda, wanasimama, wanarudi. Mmoja akasema, "Lahaula." Mwenyekiti akageuka akaliangalia kochi lake la kijani, akaziangalia mbao, akaliangalia kochi tena, na mdomo ukabaki wazi. Katika watu wote, yeye ndiye angepaswa kujua.

Mume wangu alizunguka wa mwisho. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena, akainama akanusa ubao wenye alama. Akavua kofia.

"Shemeji," akamwambia Cheche. "Nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa nasema hukuiba. Nimekukosea. Nilisimama mahali pabaya nikaropoka."

Cheche alikuwa na yeye amezunguka. Akaupapasa ubao kwa kiganja, taratibu. "Yamekwisha, shemeji," akasema. "Lakini uniheshimu kidogo. Mimi niibe nusu? Nusu nikaifanyie nini? Ningeiba ningeiba lote, na toroli juu."

Watu wakaangua kicheko, cha kufungua vifua. Wakampigapiga mabegani, wakampa pole, mwenye msumeno uliopotea akamwambia kuna mbao zake za kupasua, tena leo leo. Na mimi nikacheka nao. Nilidhani na mimi nimo. Si ndiye mimi niliyegundua? Si ndiye mimi niliyeokoa jina lake?

Nikamfuata bandani kwake. Alikuwa anafungua mlango, anapuliza vumbi kwenye magurudumu ya msumeno.

"Cheche," nikasema, "na mimi unisamehe."

"Kwa lipi?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua vipimo.

"Kwa yale ya siku ile."

"Siku ile shemeji aliniuliza nusu ya pili iko wapi. Alinitukana, lakini aliniuliza. Wewe hukuniuliza. Wewe ulikwenda moja kwa moja kuniombea msamaha." Akapuliza gurudumu la pili. "Mpaka hapo watu walikuwa na neno la shemeji na neno langu. Dada mtu alipoinama, nani angeniamini tena? Nani alikuambia nimekosa?"

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, tena fupi, na nilipolifikia niliona siwezi kulitoa mbele ya mtu niliyembeba mgongoni. Haya ya kuwa dada yako. Hakuningoja. Alitikisa kichwa kidogo, akawasha msumeno, na kelele ikajaa banda lote.

Kabati lilikwisha, likapendeza. Mkunga alipolifuata alipita mbele yake, akarudi, akapita tena, akiangalia milango inavyobadilishana rangi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Hata marehemu mzee wangu," akasema, "angejua, angelipasua mapema." Akamshukuru Cheche kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nyuma nimeshika kitambaa cha vanishi.

Mafundi wamerudi, msumeno unalia kutwa. Cheche na mume wangu wanataniana kama zamani, pengine kuzidi. Kila asubuhi natoka nyumbani nikiwa nimeandaa tusi langu, nalipitisha mdomoni njia nzima, namuomba Mungu anipe nafasi ya kulitumia. Nikifika, Cheche anaacha anachokifanya, anasimama wima, anainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Basi, anarudi kwenye kazi yake. Juzi mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kwake, akatusikia, akanifuata mpaka karakana kunipongeza.

"Naona siku hizi mdogo wako ana adabu," akasema.